Kiwiko Kilichoteguka: Jeraha Ambalo Eksirei Hailioni

Abiria wa bodaboda anapoanguka, kiganja hutangulia. Lami hukigonga, uzito wa mwili hupanda kupitia kigasha, na kiwiko kilicho katikati ya njia hiyo husukumwa kuelekea upande ambao hakikuumbwa kwenda. Hospitalini inapigwa picha ya eksirei. Daktari anaikagua, haoni ufa, na majeruhi anarudi nyumbani na vidonge vya maumivu pamoja na maneno ya kumpa moyo: hakuna kilichovunjika, umeteguka tu. Wiki sita baadaye mkono haunyooki, tonge halifiki kinywani bila kuinamisha kichwa, na kila akiegemea meza ili ainuke anahisi kiungo kinataka kuchomoka.

Moyo huo alipewa mapema mno. Eksirei huonyesha mifupa. Ligamenti hazionekani humo. Picha safi hujibu swali moja tu, na kuyaacha mengine yote: ni ligamenti ipi iliyoumia, imeumia kiasi gani, kiungo bado kimetulia au kimelegea, neva na mishipa ya damu ni mizima, na mkono uanze kutumika lini? Mengi ya maswali hayo hujibiwa kwa masikio na vidole vya mtaalamu kabla ya mashine yoyote kuwashwa. Lile la mwisho, ambalo wagonjwa wengi hawalifikirii, ndilo huamua kama mtu atarudi kwenye kazi yake na mkono mzima au mkono uliokakamaa.

Mifupa mitatu, kamba mbili

Kiwiko hukunja na kunyooka kama bawaba ya mlango, lakini kina kazi ya pili: kugeuza kiganja kielekee juu au chini. Mifupa mitatu hukutana hapo. Humerasi hushuka kutoka begani, ulna hushughulika zaidi na kukunja, na radiasi huzunguka ili kiganja kigeuke. Ligamenti ni mikanda migumu ya nyuzi inayofunga mfupa kwa mfupa, tofauti na kano zinazofunga msuli kwa mfupa.

Upande wa ndani, ule unaogusa ubavu mtu akisimama, kuna ligamenti yenye vifungu vitatu. Kifungu cha mbele ndicho chenye kazi kubwa: huzuia kigasha kisipinde kwenda nje. Mwaka 1983 Bernard Morrey na Kai-Nan An, watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani, walipima mchango wa ligamenti hiyo. Kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 90, ligamenti ya ndani hubeba asilimia 54 ya ukinzani dhidi ya nguvu inayokipinda kigasha kwenda nje. Kikinyooshwa kabisa, mchango hushuka hadi asilimia 31, kwa kuwa hapo mifupa yenyewe na ganda la kiungo husaidia. Ndiyo maana mpimaji makini hapimi uimara wa kiwiko kikiwa kimenyooka: mifupa ingemdanganya kwamba ligamenti ni nzima.

Upande wa nje kuna mkusanyiko mwingine wa ligamenti. Mmoja wa mikanda hiyo hukizunguka kichwa cha radiasi kama pete. Mwingine hupita nyuma yake na kujifunga kwenye ulna, ukizuia kigasha kizima kisizunguke na kuteleza kutoka chini ya humerasi. Nyuma ya kifundo cha ndani cha kiwiko hupita neva ya ulna, ile ambayo ikigongwa mtu huhisi shoti hadi kwenye kidole cha mwisho.

Njia tatu za kuumia

Njia ya kwanza ndiyo ya watu wengi: kuanguka na kujizuia kwa mkono ulionyooshwa. Katika watu wazima, kiwiko ni kiungo cha pili kwa kuhama mahali pake, kikitanguliwa na bega. Mwaka 1992 mtafiti Shawn O'Driscoll na wenzake walieleza namna inavyotokea. Mwili huzunguka juu ya kiganja kilichokwama chini, na ligamenti za nje hukatika kwanza. Nguvu ikiendelea, uharibifu hupita mbele na nyuma ya kiungo, na ligamenti ya ndani hufikiwa mwishoni. Kuhama kamili ni mwisho wa safari hiyo. Aliyeanguka kwa nguvu ndogo huishia njiani, ligamenti za nje zikiwa zimeumia huku kiungo kikiwa bado mahali pake. Huyu ndiye hutoka hospitali na eksirei safi.

Njia ya pili ni ya warushaji. Mwaka 1946 daktari wa Finland aitwaye Waris aliandika kuhusu majeraha ya viwiko vya warusha mkuki, mchezo ambao Wafini walikuwa mabingwa wake. Hapa hakuna kuanguka wala ajali: ligamenti ya ndani huchakaa kwa mrusho baada ya mrusho, mpaka siku moja mrushaji anasikia kitu kimekatika.

Hesabu zinaeleza kwa nini. Vipimo vya mtafiti Glenn Fleisig vya mwaka 1995 vilionyesha kwamba kiwiko cha mrushaji wa besiboli hukabili msokoto wa takribani nyutoni-mita 64 katika kila mrusho wa nguvu, ilhali ligamenti iliyopimwa peke yake maabara hukatika kwenye takribani nyutoni-mita 32 hadi 34. Kinachoiokoa ni mgawanyo wa kazi: mifupa hubeba sehemu yake, na misuli ya kigasha inayoanzia kwenye kifundo cha ndani hubeba nyingine. Misuli ikichoka, ligamenti hubaki na mzigo peke yake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 kuhusu vijana wa besiboli uligundua kwamba waliorusha mara kwa mara wakiwa wamechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kufikia kisu cha upasuaji.

Jambo hilo liko karibu na Afrika Mashariki kuliko inavyodhaniwa. Julius Yego wa Kenya alitwaa ubingwa wa dunia wa kurusha mkuki mjini Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72, na tangu hapo vijana wengi wamemtazama kama mfano. Uganda nayo ilipeleka watoto wa Lugazi kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto nchini Marekani mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko. Mashindano hayo huweka ukomo wa idadi ya mirusho kwa siku kulingana na umri: mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kuzidi 85. Kocha wa shule anayewafundisha watoto mkuki anahitaji nidhamu hiyo hiyo.

Njia ya tatu ni kiwiko kunyooshwa kupita kiasi. Golikipa hukutana nayo mpira mkali unapogonga mkono ulionyooka, na mcheza judo hukutana nayo akikabwa mkono na kuchelewa kusalimu amri. Sehemu ya mbele ya kiungo ndiyo huumia kwanza, kisha ligamenti ya ndani.

Kupima kwa mikono

Tathmini nzuri huanza na maswali. Uliangukaje? Kiganja kilielekea wapi? Ulisikia mlio? Kiwiko kilihama kisha kikarudi chenyewe? Uvimbe ulikuja dakika zile zile au kesho yake? Je, kuna ganzi kwenye kidole cha mwisho na cha pete? Mtu anayesema kiwiko "kilitoka kikarudi" amekwisha kutoa nusu ya jibu, kwa sababu kiungo hakiwezi kuhama bila ligamenti kuchanika.

Baada ya maswali huja macho. Mpimaji hulinganisha mikono miwili. Michubuko ya rangi ya zambarau upande wa ndani, inayojitokeza siku chache baada ya kuumia, huashiria kuchanika kwa kina. Kisha vidole hutafuta mahali panapouma zaidi: juu ya ligamenti, juu ya mfupa, au juu ya kano. Kabla ya kupinda chochote, mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, joto la vidole na uwezo wa kutanua vidole hukaguliwa. Vidole vya baridi au visivyohisi hubadilisha jeraha kuwa dharura.

Swali la kuvunjika lina kipimo kimoja cha bure. Mwaka 2008 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika katika idara tano za dharura kusini-magharibi mwa Uingereza. Watu 1,740 walioumia kiwiko waliombwa kunyoosha mkono kikamilifu. Walioweza walikuwa 602, na kati yao waliokutwa na mfupa uliovunjika walikuwa 17. Kati ya 1,138 walioshindwa, 521 walikuwa wamevunjika. Kwa zahanati isiyo na eksirei, somo liko wazi: mtu mzima asiyeweza kunyoosha kiwiko ana uwezekano wa karibu nusu kwa nusu wa kuwa amevunjika, na apewe rufaa. Anayeweza kukinyoosha anaweza kusubiri, mradi arudi kuangaliwa maumivu yasipopungua ndani ya siku chache.

Uimara wa ligamenti ya ndani hupimwa kiwiko kikiwa kimekunjwa kati ya nyuzi 20 na 30, mkono wa juu ukishikiliwa na kigasha kikisukumwa taratibu kwenda nje. Mpimaji husikiliza mambo mawili, maumivu na mwanya, na kurudia upande wa pili kwa sababu watu wengine wana viungo laini tangu kuzaliwa. Kwa warushaji kuna kipimo bora zaidi, kilichoelezwa na O'Driscoll na wenzake mwaka 2005: kiwiko kinanyooshwa haraka huku kikisukumwa kwenda nje, na maumivu yakitokea kati ya nyuzi 120 na 70, eneo lile lile linaloumia wakati wa kurusha, ligamenti ndiyo mshukiwa. Katika wagonjwa 21 waliolinganishwa na matokeo ya upasuaji au kamera ya ndani ya kiungo, kipimo hakikumkosa hata mmoja mwenye jeraha, ingawa mmoja kati ya wasio na jeraha pia kilimuuma.

Ligamenti ya nje hujificha zaidi. Mgonjwa halalamiki kuhusu kurusha. Hulalamika kuhusu kusukuma. Akiambiwa ajiinue kutoka kwenye kiti kwa mikono, viganja vikimtazama, husita kabla mikono haijanyooka, akihofia kiwiko kitateleza. Wengine hutibiwa kwa miezi kana kwamba wana maumivu ya kano ya nje, yale ya wacheza tenisi, wakichomwa sindano za steroidi mara kwa mara; na sindano hizo zikirudiwa zimehusishwa na kudhoofika kwa ligamenti za eneo hilo hilo.

Madaraja ya jeraha na nafasi ya picha

Wataalamu hupanga jeraha katika madaraja matatu. La kwanza ni ligamenti iliyovutwa: inauma ikiguswa, lakini kiungo kimetulia. La pili ni iliyochanika kiasi: kuna uvimbe na pengine mwanya mdogo, lakini kuna mahali inapokaza. La tatu ni iliyokatika: mpimaji akisukuma, hakuna kinachomzuia. Mpangilio huu ni rahisi, na una udhaifu wake. Siku ya kwanza misuli hukaza kwa maumivu na kuficha ulegevu, hivyo jeraha la daraja la tatu linaweza kuonekana la pili. Kupima upya baada ya siku tano hadi kumi ni sehemu ya tathmini yenyewe, na ndiyo sehemu inayorukwa zaidi.

Eksirei bado ina nafasi ya kwanza kati ya picha. Hutafuta kipande cha mfupa kilichong'olewa na ligamenti, ufa wa kichwa cha radiasi, au mwanya usio wa kawaida kati ya humerasi na ulna. Ultrasaundi ni nafuu kuliko kipimo cha MRI na ina faida ya pekee: kiungo kinaweza kuangaliwa kikiwa kinasukumwa. Huhitaji, hata hivyo, mkono wenye uzoefu. MRI huonyesha ligamenti waziwazi, lakini kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mashine hizo ziko kwenye hospitali za miji mikubwa, na gharama yake ni mzigo kwa asiye na bima. Kwa majeruhi wa kawaida ambaye matibabu yake yatabaki yale yale, MRI haiongezi kitu. Inafaa pale upasuaji unapofikiriwa, au kiwiko kinapokataa kupona.

Watoto wana hesabu yao

Mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mwembe hapaswi kuambiwa ameteguka kabla ya kuchunguzwa vizuri. Sehemu za ukuaji kwenye mifupa yake ni dhaifu kuliko ligamenti, kwa hiyo nguvu ambayo ingechana ligamenti ya mtu mzima humvunja yeye mfupa. Kifundo cha ndani kinaweza kung'oka na hata kunasa ndani ya kiungo, na mfupa kuvunjika juu kidogo ya kiwiko ndilo jeraha la kuvunjika la kawaida kuliko yote ya kiwiko katika utoto.

Tofauti ni mtoto wa chini ya miaka mitano aliyevutwa mkono ghafla, pengine akivushwa barabara au akirushwa juu kwa mchezo. Kichwa cha radiasi huteleza kutoka ndani ya ile ligamenti ya pete, na mtoto huuacha mkono ukining'inia bila uvimbe wowote. Mhudumu aliyefunzwa hukirudisha kwa mzunguko mmoja wa kigasha, na mara nyingi mtoto huanza kuuchezea mkono baada ya dakika chache.

Kulegea au kukakamaa?

Matibabu ya kiwiko yanakabili hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba kiungo kikiachwa huru kitabaki kimelegea. Ya pili ni kwamba kikifungwa kitakakamaa. Ushahidi wa miongo minne unaelemea upande mmoja.

Mwaka 1987 P. O. Josefsson na wenzake nchini Sweden waliwagawa wagonjwa 30 waliohama kiwiko bila kuvunjika: baadhi walishonwa ligamenti, wengine hawakufanyiwa upasuaji. Walioshonwa hawakupata matokeo bora. Miaka 30 baadaye, watafiti wa Uholanzi walilinganisha wagonjwa 100 wa aina hiyo hiyo. Kundi moja lilifungwa plasta ngumu, ile inayoitwa hogo, kwa wiki tatu. Jingine lilianza kuchezesha kiwiko mapema. Waliochezesha mapema walirudi kazini baada ya siku 10, wenzao baada ya siku 18, na hakuna aliyehama kiwiko tena. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa.

Kwa hiyo kwa mkulima, fundi, mama lishe au dereva, kukakamaa ndiko kunakopaswa kuogopwa zaidi. Shughuli nyingi za kila siku huhitaji kiwiko kitembee kati ya nyuzi 30 na 130, na wiki zinazozidi tatu ndani ya plasta huanza kuukata upeo huo. Kuning'iniza mkono shingoni kwa kitambaa kwa siku chache, barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 10 hadi 15 kila mara, kisha mazoezi ya taratibu ambayo mgonjwa anayafanya mwenyewe ndani ya mipaka ya maumivu, vinatosha kwa madaraja mawili ya kwanza na mara nyingi hata la tatu.

Hapa ndipo desturi ya kuchua inapohitaji kusemwa bila kuwadharau wanaoitegemea. Katika miji na vijiji vingi, kiwiko kilichovimba hukandwa kwa maji ya moto, hupakwa mafuta na kuvutwa kwa nguvu ili "kirudi". Kwenye viungo vingine huenda madhara yakawa madogo. Kwenye kiwiko, msuli wa mbele ulalao juu ya kiungo unaweza kuwa umechanika na kuvuja damu, na kuvutwa kwa nguvu katika wiki za mwanzo kunaweza kuufanya uote mfupa ndani yake. Mfupa huo hufunga kiungo, na kuuondoa huhitaji upasuaji. Tofauti kati ya mazoezi na mateso ni nani anayesogeza mkono: mgonjwa mwenyewe, au mtu mwingine kwa nguvu.

Upasuaji una watu wake. Mfano maarufu ni Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers aliyekatika ligamenti ya ndani Julai 1974. Tarehe 25 Septemba mwaka huo daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka kigasha chake cha pili na kuifanya ligamenti mpya. John alirudi uwanjani mwaka 1976, akashinda michezo 164 zaidi na kustaafu mwaka 1989. Ripoti ya mwaka 2010 kuhusu mamia ya wanamichezo waliofanyiwa upasuaji huo ilionyesha kwamba asilimia 83 walirudi kwenye kiwango chao au zaidi, baada ya takribani mwaka mmoja. Huo ni upasuaji wa wanaorusha kwa ushindani. Wengine wanaouhitaji ni wenye kiwiko kinachohama tena na tena, na wale ambao kuhama kuliambatana na kuvunjika kwa kichwa cha radiasi na ncha ya mbele ya ulna, hali ngumu inayostahili kituo cha mifupa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam au hospitali nyingine ya rufaa.

Kwa msomaji aliyeumia, utaratibu ni huu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ikiwa kiwiko hakinyooki, kimepinda, vidole vina ganzi au ni baridi, au aliyeumia ni mtoto. Ukiambiwa eksirei ni safi, uliza kama ligamenti zimepimwa na upangiwe tarehe ya kurudi ndani ya siku kumi. Ukifungwa plasta, uliza itatolewa lini. Jibu likizidi wiki tatu bila kuwapo mfupa uliovunjika, omba maelezo. Maumivu ndani ya plasta yakizidi badala ya kupungua, rudi usiku huo huo, usisubiri kupambazuke.